Kuku wa Kuagia

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Treni ilipoingia Makambako mara ya kwanza watu walikimbia kuitazama, akina mama wakapiga vigelegele, mimi nikaendelea kumenya viazi kwa sababu nilikuwa na wageni hawajala. Wajukuu wangu wananionyesha watu wanaotembea ndani ya simu, nawaambia vizuri, haya, nendeni mkateke maji. Lakini nikikumbuka paa la nyumba yetu ya Kitandililo, na siku mama aliposimama mbele ya kaunta ya duka kulitetea, mwili unanisisimka mpaka leo. Nimezeeka na kumbukumbu hiyo na bado sijaizoea.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa binti wa kama miaka kumi na miwili, nasoma shule ya misheni, na nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesoma barua za kila mtu. Baba alikuwa mwashi. Alijifunza kazi kwa wamisionari, na kwa mikono yake alijenga nyumba za walimu, zahanati, na ukuta mzima wa upande mmoja wa kanisa. Sisi tulilala kwenye nyumba ya nyasi. Mama alikuwa akimwita "mwashi wa watu", naye baba anacheka. Mama alikuwa Mkinga wa Bulongwa, kule juu Makete, baba Mbena wa hapahapa, kwa hiyo utani nyumbani kwetu haukuwa na likizo. Baba alisema Wakinga wanahesabu hata punje za chumvi. Mama alisema Wabena wana haya mno, hata mbwa akiwaingilia ndani wanamwomba radhi kabla ya kumfukuza.

Kisha masika moja nyasi zikaoza na paa likavuja usiku na mchana. Mdogo wangu, ambaye alikuwa hata hajaanza kusimama, akashikwa na kifua. Hakumaliza wiki. Tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na mianzi, na tangu siku hiyo mama hakutamka tena neno "mwashi wa watu". Baba angependa alitamke. Nilimwona akilisubiri.

Kiangazi kilipofika baba alianza kufyatua tofali. Alifyatua viangazi viwili, jioni na Jumamosi, baada ya kazi za watu. Alizichoma mwenyewe, akapandisha kuta pale pale, hatua chache kutoka kaburini, kwa sababu mama alisema hahami kwenda mbali na mtoto. Kuta zilisimama vizuri, zimenyooka kabisa. Paa ndilo lililomshinda, maana mabati hayafyatuliwi kwa udongo.

Mabati yaliuzwa Makambako, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyekuwa hapo tangu kabla sijazaliwa. Alijua Kibena cha kutosha kukusalimu "kamwene" na kuuliza habari za ng'ombe wako. Alimpa baba mabati, misumari na mbao za kenchi kwa mkopo, na nyumba yenyewe ikawekwa rehani. Karatasi iliandikwa kwa Kiswahili, nakala moja kwake, moja kwetu. Mama hakujua kusoma, ila alinisomesha karatasi ile mara nyingi mpaka nikaijua kwa moyo. Ilisema baba atalipa sehemu ya deni na riba yake kila mwaka kabla ya sikukuu ya taa, ile sikukuu ya Wahindi ambayo mwenye duka alikuwa akifunga vitabu vya zamani na kufungua vipya. Ilisema akishindwa, nyumba inakwenda. Na mwishoni ilisema kwamba mtu akitaka kuondoka kwenye deni kabla ya miaka yake kwisha, atoe taarifa. Na akishatoa taarifa, deni lote liwe limelipwa sikukuu ya taa inayofuata.

"Hapo mwisho rudia," mama alikuwa akiniambia. Nami narudia.

Sasa nieleze paa. Baba alipopigilia bati la mwisho, jua lilikuwa linatoka mawinguni, na nyumba yetu ikawaka. Nasema ikawaka kwa sababu watu wa ng'ambo ya bonde walikuja mbio na ndoo. Walipofika wakakuta hakuna moto, wakabaki wamesimama na ndoo zao, wanatazama juu, wamekunja nyuso kwa mwanga. Bibi mmoja alivua viatu kabla ya kuingia. Na mvua ya kwanza ilipokuja ilikuja na mawe. Baba alikuwa anaomba sala ya chakula. Ngurumo ya mawe kwenye mabati ikaimeza sala, midomo yake ikawa inakwenda bila sauti, sote tumeinama, na hakuna tone hata moja lililotuangukia. Mama hakuinamisha kichwa. Alikuwa anatazama juu na machozi yanamtoka, mdomo wazi, na mimi niliogopa kidogo, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwona mama akitazama kitu namna ile.

Lakini paa lile lilikula. Pareto yote aliyochuma mama, akaianika, akaibeba kichwani, iliishia dukani. Miti ya miwati ambayo baba aliipanda ili auze magome yake ilikatwa ikiwa bado michanga, ikauzwa kwa bei ya kusikitisha. Na baada ya miaka miwili deni lilikuwa limepungua kidogo tu, maana sehemu kubwa ya tulicholipa ilikuwa riba. Mwenye duka hakutudanganya. Ndivyo karatasi ilivyosema.

Jumapili moja, baada ya ibada, karani wa baraza alitoka Njombe akatangaza kwamba baraza limeanzisha mfuko wa kuwakopesha watu wenye nyumba za kudumu. Riba ndogo, miaka mingi zaidi. Hata mwenye deni mahali pengine anaruhusiwa: baraza litamlipa yule wa zamani, na nyumba itahamia rehani ya baraza. Baba alirudi nyumbani karibu akimbie.

"Tunahama kesho!" alisema. "Tunamwacha Mhindi, tunakwenda barazani!"

"Kuhama kuna gharama," mama alisema. "Karani amesema kuna ada ya kukagua nyumba, ada ya karatasi, na nauli ya Njombe kwenda na kurudi. Ngoja kwanza."

Akachukua ungo. Akamwaga maharage mekundu upande mmoja na meupe upande mwingine, akaniambia nimsomee karatasi ya zamani, kisha ile ya matangazo ya baraza. Kila mwaka aliuwekea mstari: mekundu ndiyo tutakayompa mwenye duka tukibaki kwake, meupe ndiyo tutakayolipa tukihama, pamoja na zile ada. Mstari wa kwanza meupe yalikuwa mengi kuliko mekundu. Baba akanyong'onyea. Mstari wa pili yakalingana. Kuanzia wa tatu, meupe yakawa yanapungua na mekundu yanabaki palepale, mstari baada ya mstari, mpaka ungo ukajaa upande mmoja.

"Tukihama halafu tukaondoka hapa mwaka wa kwanza, tumekula hasara," mama alisema. "Lakini sisi hatuondoki. Kwa hiyo tuhame. Ila si kesho. Utaomba barazani kwanza. Wakishakubali, wakishaandika, ndipo unakwenda kumwambia mwenye duka. Si kabla. Umesikia, baba wa hawa?"

"Nimesikia."

Mimi nilibaki nautazama ule ungo. Shuleni mwalimu alitufundisha hesabu kwa fimbo na hazikuingia. Mama hakuwahi kushika kalamu, na hapa alikuwa ameipanga miaka yetu yote kwenye ungo, kila mmoja na mzigo wake, na ukitazama unaona lini tutapumua. Nilitaka yale maharage yasiondolewe. Jioni tuliyapika.

Baba alikwenda Njombe, akalala kwa dada yake mtaa wa Ramadhani, akaandikisha ombi. Akaambiwa mkaguzi atakuja, kisha kikao kitaamua. Basi, tungesubiri, na mambo yangekwenda sawa, kama baba asingekuwa Mbena na haya zake.

Kwetu mtu haachi mtu kimyakimya. Ukiacha kumlimia mtu uliyekuwa ukimlimia, ukimchukua mtoto aliyekuwa akilelewa kwa mwingine, ukiacha kazi, unakwenda na kitu mkononi unaaga, usoni, mapema, ili mwenzako asije akayasikia kwa watu. Baba alikuwa akipita dukani kununua misumari ya kazi zake, na kila mara mwenye duka akimwuliza habari za nyumba na watoto, baba alijiona mwizi. Alivumilia mwezi mzima. Kisha siku moja, bila kumwambia mama, alikamata kuku jike mweupe, akamfunga miguu, akampeleka Makambako. Akamwambia mwenye duka kila kitu: baraza, ombi, shukrani zake, na kwamba anakwenda. Mwenye duka akampokea kuku kwa mikono miwili, akamshukuru, akafungua kitabu akaandika. Akaandika pia kwenye nakala yetu, ambayo baba alikwenda nayo kwa uaminifu wake wote.

Alirudi amefurahi kabisa. "Nimemaliza vizuri," akasema. "Tumeagana kwa heshima."

Mama alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama. "Nani kakubaliwa barazani?"

"Bado. Lakini watakubali tu."

"Leta karatasi. Wewe, soma."

Nikasoma. Chini ya mistari niliyoijua kwa moyo kulikuwa na mstari mpya, wa wino mbichi: ametoa taarifa leo, deni lote litalipwa sikukuu ya taa. Mwezi na nusu baadaye barua ikaja kutoka Njombe. Mkaguzi amechelewa, kikao kitakaa baada ya Krismasi. Sikukuu ya taa ilikuwa inakuja kabla ya mvua za kupandia, miezi miwili mitatu kabla ya kikao. Kwa hiyo deni la zamani lilikuwa linadaiwa lote, na jipya lilikuwa halijazaliwa, na katikati yake hakukuwa na kitu isipokuwa nyumba yetu.

Baba alikaa nje juu ya tofali zilizobaki, kichwa mikononi. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja, na nasema wazi kwamba hasira ilikuwa kubwa zaidi. Angeweza kunyamaza tu! Mama hakumgombeza. Siku mbili alipika, akapakua, akaosha vyombo, na kila jioni alikwenda nyuma ya nyumba akang'oa majani kaburini ambako hakukuwa na majani. Siku ya tatu akaniambia, "Kesho huendi shule. Chukua ile karatasi."

Tuliondoka umande haujakauka, ukungu umelala bondeni mpaka vinyungu vyetu, yale mashamba ya bondeni, havikuonekana. Mama alitembea mbele, haraka. Nilimwuliza tunakwenda kufanya nini. Akasema, "Kuulizia kuku." Nikadhani amechanganyikiwa.

Dukani kulikuwa na wateja watatu wanne, chumvi inapimwa, kitambaa kinakatwa. Mwenye duka alituona, akatuita mbele.

"Kamwene, mama. Karibu. Baba mwashi hajambo?"

"Hajambo, bwana. Nimekuja kuulizia kuku."

"Kuku gani?"

"Mume wangu alikuletea kuku mweupe. Kuku wa kuagia. Mlimla?"

Mwenye duka akatabasamu. "Mama, unatujua. Sisi hatuli nyama."

"Mlimpa mtu mwingine akamla?"

Hapo akakuna kidevu, akamwita mkewe kutoka uani. Walisemezana kwa lugha yao, mke akaanza kucheka, akatuashiria tumfuate mpaka mlango wa nyuma. Uani, ndani ya kasha la sabuni lililolazwa ubavu, alikuwa kuku wetu, anatutazama kwa jicho moja, na chini ya mbawa zake vichwa vya vifaranga vinachungulia. Mke akaeleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba alikuwa ampe mfanyakazi, lakini kuku akaingia kwenye kasha akataga, naye akamwonea huruma, akamwacha aatamie.

Mama alimtazama yule kuku kwa muda. Kisha akarudi mbele ya kaunta, akakaza khanga kiunoni, na sauti yake ikatoka kubwa kiasi kwamba mizani ya chumvi ikasubiri.

"Basi mume wangu hajaaga."

"Ameaga, mama. Nimeandika."

"Umeandika, ndiyo. Lakini kwetu, kuku wa kuagia huliwa. Akiliwa, mmeagana. Asipoliwa, waliopeana bado wako pamoja, na neno lililosemwa siku ile linasubiri. Mume wangu anajua uashi, mambo haya hayajui. Alikuachia kuku, akadhani amemaliza. Wewe nawe ukadhani amemaliza, ukaandika. Na kuku yupo pale nyuma, mzima, ana watoto. Bwana, utafungaje kitabu kwa jambo ambalo halijaisha?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyeshika kitambaa alifungua mdomo, mama akamgeukia, akaufunga. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi kwa mikono yote miwili. Nilijua, hata kwa akili yangu ya kitoto, kwamba mabati yetu yote yamesimama juu ya mgongo wa kuku yule.

Mwenye duka alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya shati, polepole, jicho la kulia, jicho la kushoto. Akamtazama mama.

"Na vifaranga?" aliuliza.

"Hao ni wenu. Mimi nazungumzia mama yao."

Akanyoosha mkono kwangu, nikampa karatasi. Alichovya kalamu, akaweka rula, akaukata ule mstari wa mwisho kwa mstari ulionyooka, akafungua kitabu chake akakata na kule.

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka baraza lilipe. Kikao ni baada ya Krismasi. Fungu la mwaka huu utalipata kabla ya taa, na pareto nitakuletea mimi mwenyewe. Miezi itakayozidi, riba yake ni yako."

"Sawa. Basi hatujaagana." Akavaa miwani. "Na kuku?"

"Mlisheni."

Tulipotoka nje nilitaka kupiga kelele. Nilimtazama mama kama wale watu wa ng'ambo ya bonde walivyolitazama paa. Huyu alikuwa mwanamke niliyemwona kila siku akipepeta, akikohoa kwa moshi, akigombana na mbuzi. Na alikuwa ameingia kwenye duka, mikono mitupu, akatoka na nyumba. Nilimkimbilia nikamwuliza, "Mama, hiyo ni desturi ya Ukinga?"

"Tembea. Jua linapanda," akasema.

Baba alipoelezwa alikaa chini. "Kumbe Wakinga mna mambo," alisema mwisho.

"Tunayo," mama akajibu, akaingia jikoni.

Karani mkaguzi alikuja mvua zikiwa zimeanza. Alikuwa kijana nadhifu, ana futi ya kukunjua na fomu ndefu. Alipima, akagonga kuta kwa vidole, akapanda juu ya ngazi ya baba kuhesabu mabati, akasema kazi hii ni nzuri, nani kajenga. Baba akatazama chini kwa haya. Kisha karani akafika kwenye swali la mwisho.

"Fomu inauliza: mnakusudia kukaa kwenye nyumba hii muda gani?"

"Miaka mingi, bwana karani," baba alisema.

"Mingi mingapi? Wengine wanachukua mkopo halafu wanahama, baraza linabaki na kuta."

Mama akamwambia amfuate. Akampeleka nyuma, karibu na mianzi, akamwonyesha kile kituta kidogo na msalaba wake wa mti. Karani akavua kofia. Mvua ilikuwa inanyunya juu ya fomu yake na hakuifunika.

"Huyu alikufa kwa kuvujiwa," mama alisema. "Siendi popote. Andika mpaka siku huyu atakapoamka."

Sijui karani aliandika nini. Nilimwona akiandika muda mrefu, amegeuza uso. Ninachojua ni kwamba kikao kilipokaa tulikubaliwa.

Siku ya kulipa tulikwenda Makambako watatu, na karani akaja kutoka Njombe na bahasha. Nilitegemea jambo kubwa. Karani alihesabu, mwenye duka alihesabu, wakatia sahihi, karatasi yetu ya zamani ikapigwa mhuri na kurudishwa, karatasi mpya ikaingia kwenye mkoba wa karani. Ikawa imekwisha. Nyumba yetu ilikuwa imetoka mkono wa mtu mmoja ikaenda mkono wa mwingine, mwendo wote ule mpaka Njombe, na kule Kitandililo hakuna bati lililotikisika wala kuku wa jirani aliyejua. Nilishangaa nikasahau kujibu nilipoulizwa kama nataka peremende.

Baba na karani walipotoka nje, na mama yuko uani akiagana na mke wa mwenye duka, mwenye duka aliniletea kapu. Ndani yake alikuwa kuku mweupe, amenenepa, anakasirika.

"Mpeleke nyumbani," aliniambia. "Sisi hatuwezi kumla. Ninyi mnaweza." Halafu akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Na mama yako, mkishafika, si hapa, mwambie hivi. Mimi nimekaa na Wabena na Wakinga zaidi ya miaka ishirini. Nimeletewa kuku wa kuagia wengi kuliko nilivyoweza kuwagawa. Desturi ile sijaisikia kwa mtu mwingine yeyote. Siku ile ilikuwa mara ya kwanza."

Akanipa peremende na kunifungulia mlango.

Njia nzima nilibeba kapu na maneno yale, sijui kipi kizito. Tulipofika baba alikwenda kazini kwake moja kwa moja. Mama aliketi mlangoni akaanza kupukuchua maharage. Nikasimama mbele yake, nikamwambia yote kama nilivyoambiwa.

Hakuinua hata macho. "Najua haipo," alisema. "Ndiyo maana nilimwambia yeye. Mbena angenicheka, na Mkinga angenifukuza. Na Mungu usinisemee kwake, nilishamwambia mwenyewe Jumapili ileile."

"Lakini mama, yeye alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua kwamba haipo. Siku ileile, pale pale. Alijua, akakata mstari."

Vidole vyake vikasimama. Miezi yote ile mama alikuwa ameamini kwamba aliikomboa nyumba kwa ulimi wake, na mimi niliamini hivyo, na nadhani ilimpa nguvu ya kutembea akiwa amenyooka. Sasa aliinua uso taratibu akatazama juu, kwenye ukingo wa mabati, mdomo wazi, kama alivyotazama siku ya mvua ya mawe. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa tena.

"Alifuta miwani," alisema mwishowe. "Mimi nikadhani anatafuta jibu."

Akamtoa kuku kwenye kapu, akamfungua miguu, akamwachia aende. Baba aliporudi jioni na kusema kuku achinjwe tumalize jambo, mama alisema atakayemgusa kuku huyu atalala nje. Kuku aliishi kwetu mpaka akafa kwa uzee.

Na kesho yake asubuhi, ukungu haujaondoka, mama alishuka kwenye kinyungu akavunja mahindi mabichi yaliyokuwa bora, akajaza kikapu, akajitwika, akaenda Makambako peke yake kumsalimia mtu ambaye hatukumdai wala hakutudai. Safari hii alichukua kitu wanachokula.